Shule imemfuta nyanya kwa kalamu nyekundu ikatupatia mbwa

Wazazi wenzangu, hasa wa huku Eastlands, hebu nisaidieni kabla sijaenda kuropoka mbele ya mwalimu mkuu.

Mtoto wangu yuko Gredi ya 2, shule ya kibinafsi hapa Umoja, Nairobi. Katika Shughuli za Mazingira walipewa karatasi ya kuandika kuhusu familia kwa Kiingereza, kisha kila mmoja aisome mbele ya darasa. Karatasi yenyewe ni ya mapengo na majibu yameshachaguliwa. Baba ni daktari, rubani, mhandisi au mwalimu. Gari letu ni la rangi gani? Mbwa wetu anaitwa nani? Jumamosi tunaenda wapi, sinema ama ufuoni? Ufuoni, jameni, kutoka Umoja!

Baba yake ni fundi wa bati kule kwa jua kali, Kamukunji. Yale masanduku mnayowanunulia watoto wakienda bweni, yeye ndiye huyagonga, na watoto wa madaktari hubeba hayo hayo. Mtoto huyu hushinda pale likizo akimshikia baba yake bati lisiteleze. Kwa hiyo aliacha majibu ya karatasi akaandika yake, kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini kinachoeleweka: baba hutengeneza masanduku, mimi hulala na nyanya, na binamu yangu anakaa kwetu.

Mwalimu akakata. Nyanya na binamu wamepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa kwamba familia ni baba, mama na watoto. Fundi kageuzwa mhandisi. Alama 3 kwa 10, rudia.

Akarudia. Sasa tuna gari jeupe na mbwa anaitwa Simba, katika fleti ambayo landilodi hataki hata kuku. Alama 9, na kazi imebandikwa ukutani.

Jioni kabla ya kuisoma darasani alifanya mazoezi sebuleni, mikono nyuma, kifua mbele, vile wanavyofundishwa. Nyanya anapiga makofi kila sentensi ikiisha, haelewi hata moja. Alipomaliza nyanya akamuuliza, "Na mimi umenitaja wapi?" Mtoto akanigeukia mimi. Nikakimbilia jikoni eti chai inamwagika.

Nikapeleka malalamiko kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, na huko ndiko nilikochomeka kabisa. Mmoja anasema mtoto anyooshe Kiingereza kwanza, hayo ya nyanya yabaki nyumbani. Mwingine ananiomba niandike kwa Kiingereza ili wazazi wote waelewe. Mama, mimi na wewe tunapanga foleni kwa mama mboga mmoja, na sijawahi kukusikia ukimwitisha sukuma kwa Kiingereza!

Nisieleweke vibaya. Nataka mtoto wangu aongee Kiingereza, ndiyo maana nalipa karo hiyo. Lakini hakuna Mwingereza atakayeshindwa kuelewa kwamba mtoto hulala na nyanya yake na baba yake hugonga bati. Aliyeshindwa kuelewa ni mwalimu, Mkenya mwenzetu, ambaye pengine alilelewa na nyanya pia. Mtoto amefundishwa kwamba ukifungua mdomo kwa Kiingereza, unawaficha watu wako kwanza.

Na msiniambie ni mtaala. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera imesema madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayotumika eneo la shule, na mijini hiyo ni Kiswahili. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kwa majaribio 2017, haukuibadilisha. Kiingereza hushika usukani Gredi ya 4. Kiingereza kama somo, sawa, kina kipindi chake. Lakini Mazingira ya Gredi ya 2 hapa Nairobi ilipaswa kuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imeitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Shule nyingi za kulipia hupita hapo kama matatu inayokwepa askari, nasi tunashangilia kwa sababu mtoto wa chekechea anaongea kwa puani.

Ijumaa naenda shuleni. Nataka ile karatasi ya Simba ibanduliwe ukutani na ya kwanza isahihishwe upya: wasahihishe sarufi na tahajia, watu wa kwangu wawaache. Kama mtoto wako aliletewa karatasi ya mapengo kama hiyo, ipige picha uibandike hapa, uzibe jina lake na la shule. Nataka kwenda na rundo.