Fundi kanifungia spika, kioo kinatetemeka lakini mwimbaji hajulikani aliko!

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "ungeongeza tu sabufa" pitilizeni uzi huu kabla hatujavunjiana heshima.

Mimi nyumbani ni mtu wa kusikiliza. Spika mbili za mbao juu ya stendi, ampu (amplifaya) kuukuu ya Kijapani, na kiti kimoja katikati ambacho mama watoto na wanawe wanajua ni cha nani. Nikiweka rumba, gitaa la solo liko kushoto, la ridhimu kulia, na mwimbaji kasimama katikati ya ukuta, pale ambapo hakuna spika yoyote. Nilitaka hicho hicho kwenye gari, hata robo yake tu, maana kwa foleni ya Mbezi hadi Posta naishi barabarani kuliko sebuleni.

Gari ni Toyota IST. Redio iliyokuja nalo kutoka Japani inaishia FM 90, na stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo, mnaijua hadithi hiyo. Nikasema basi, nibadilishe redio, niweke spika za maana milangoni na ampu ndogo. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Kariakoo, simtaji. Spika nilinunua mwenyewe, inchi sita na nusu na twita zake, zile ndogo za sauti nyembamba. Ufundi na vikorokoro, laki tatu na nusu.

Jioni nafuata gari nakuta milango yote minne wazi, sauti mpaka mwisho, vijana wamelizunguka. "Boss, sikia mzigo huo!" Kioo cha kati kinatetemeka, na fundi anakionyesha kwa kidole kabisa. Kwake kazi ndiyo hiyo, kioo kitetemeke. Nikalipa. Ndiyo, nililipa kabla ya kufunga milango na kukaa kwenye usukani. Chekeni.

Nimefika Magomeni nasikia "nyiiiii" kwenye twita. Nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inashuka. Altaneta inaimba kuliko msanii! Waya wa mawimbi, unaopeleka sauti kutoka redio hadi ampu, kaupitisha sambamba na waya mkubwa wa betri, upande mmoja, chini ya kapeti moja. Ethi ya ampu kaifunga kwenye boliti yenye rangi, na rangi inazuia umeme, hata kukwangua kidogo hakukwangua.

Lakini hilo si lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba sauti ya mwimbaji haikai popote. Haiko mbele, haiko pembeni, inaelea tu kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Na besi haipo. Nikipeleka balansi yote kulia, besi inakuja. Yote kushoto, inakuja. Nikirudisha katikati, inayeyuka.

Wenzangu wa sebuleni mmeshajua. Jumamosi nikang'oa paneli za milango, nikachomoa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, nikagusisha kwenye waya za kila spika. Ya kulia ikasukuma nje. Ya kushoto ikavuta ndani. Fundi kageuza chanya na hasi upande mmoja! Spika moja inasukuma hewa, nyingine inainyonya, besi zinauana katikati. Mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi na mbili, kwa kauli yake, kashindwa na betri ya saa.

Na nilipong'oa paneli nikaona mengine. Soketi ya kiwandani kaikata kwa pleya, nyaya kasokota na kuzifunga kwa seloteipu. Seloteipu wakuu, ile ya kufungia daftari. Waya wa ampu umetoka kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi. Fyuzi inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, ili waya ukichubuka kwenye bati iungue fyuzi na si gari. Nalala na kitu hicho uani, chini ya dirisha la watoto.

Nikampigia. Kwa upole kabisa, namwita kaka. Jibu: "Boss, redio yako wati 50 mara nne, ampu wati 1000, tatizo hapo huna sabufa." Hizo 50 nazo tusidanganyane. Chukua volti 14.4 injini ikiwaka, zidisha kwa zenyewe, gawa kwa omu 4 za spika, unapata kama wati 52, na hiyo ni sauti ambayo mawimbi yake yamekatwa vichwa mpaka yamekuwa mraba, yaani imeharibika. Muziki safi ni nusu yake, na ukitoa upotevu ndani ya chipu ya redio unabaki na kama 20. Zinanitosha. Sikuomba zaidi.

Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo spika ya kulia iko karibu nami kuliko ya kushoto kwa kama nusu mita. Sauti inakwenda sentimita 34 kwa milisekunde moja, hivyo ya kulia inanifikia mapema na kumvuta mwimbaji mlangoni. Redio hii ina sehemu ya kuichelewesha spika ya kulia ili zote zinifikie pamoja. Kuibonyeza ni dakika mbili! Fundi kaacha vitufe vya kukoleza sauti, "Rock" na "Loud", vikiwaka, akaondoka.

Chanya na hasi nimeshazirekebisha mwenyewe, na besi imerudi. Waya wa betri nimeuchomoa mpaka nipate fyuzi, kwa hiyo ampu imelala. Jana fundi kanitumia picha ya sabufa inchi 12, eti bei ya mteja wa kudumu.

Anayemjua fundi Dar anayefunga milango na kukaa kwenye usukani kabla ya kusema amemaliza, aje PM. Paneli zangu bado ziko siti ya nyuma.