Boliti za juu za gia boksi: ekstensheni na yunivaso, ring ya racheti, ama nikunje spana?

Pikapu_Njoro: Wakuu habari zenu. Niko Njoro hapa nabadilisha klachi ya Hilux ya dizeli mwenyewe nyumbani, propela nimetoa, stata nimetoa, boliti za pembeni za gia boksi zimekuja vizuri tu, imebaki zile mbili za juu kabisa, za 17, zimejificha kati ya boksi na bodi. Ukilala chini huzioni, unazipapasa tu kama unatafuta swichi stima ikipotea. Mkono unafika, spana inafika, lakini haina pa kuzunguka. Vidole vitatu vimechunika tayari. Kesho naenda Nakuru mjini na pesa iko ya kitu kimoja tu, nichukue ekstensheni (chuma cha kurefusha soketi) na yunivaso (kiungo chake kinachopinda), ring ya racheti (spana ya duara inayozungusha bila kuitoa kwa boliti), ama nini?

Fundi_Kondele: Boss pesa yako weka kwanza. Tafuta spana kuukuu ya 17, ile hata ikipotea hulii, peleka kwa mtu wa welding aipashe moto aikunje vile unataka. Yangu nilikunja hivyo na bado iko kazini. Ila ujue moto ukishapita ule ugumu wa chuma unapungua, ukiivuta na bomba la kurefusha mkono mdomo unafunguka.

MamaCanter_Kakamega: Ring ya racheti nitakuambia vile ilinifanyia. Nilikuwa nafungua boliti ndefu mahali pa kubana, nikafurahia click click click bila kutoa spana, kumbe boliti inavyotoka kichwa kinaisukuma spana nyuma mpaka ikabanwa kati ya kichwa na bracketi. Na yangu ilikuwa ile isiyo na swichi ya kurudisha, inaenda upande mmoja pekee. Haitoki, hairudi. Nilikata spana yangu mwenyewe na grinda jamani, mpya kabisa. Ukinunua, nunua yenye swichi, na usiitumie kulegeza boliti iliyokaza, legeza na ring ya kawaida halafu racheti imalizie. (Canter yangu nainua kabini naona injini yote, nawahurumia nyinyi wa pikapu.)

Pikapu_Njoro: @MamaCanter_Kakamega pole mama, hiyo ingenipata pia 😂 lakini ring ya kawaida haina hata nafasi ya kusogea kidogo, ndio shida.

Fundi_Kondele: Ring ya kona 12 inataka digrii 30 ndio uihamishe. Racheti ya meno 72 inashika tena kila digrii 5, kwa hivyo hapo padogo racheti inashinda, hilo sikatai. Ile soketi yenyewe chukua ya kona sita, ya kona 12 ikipata kichwa chenye kutu inakichuna kinakuwa mviringo, na hapo ndio kilio.

Usiku_Salgaa: Mnabishana spana na shida ni nafasi. Shusha boksi! Weka jeki na kipande cha mbao chini ya gia boksi, fungua krosimemba (ile chuma inayopita chini kushikilia boksi), halafu teremsha mkia wa boksi pole pole. Boksi ikiinama nyuma zile boliti za juu zinakuangalia wewe uliye huku nyuma, unapitisha ekstensheni ndefu juu ya boksi moja kwa moja mpaka kwa kichwa, na racheti yako inakuwa nje kabisa karibu na krosimemba mahali unaweza kuzungusha mkono wote. Hapo yunivaso hata huihitaji, ama unaiweka kwa kona ndogo tu, kwa sababu ikipinda sana nguvu inapotea na soketi inaruka. Ikikusumbua kulegea legea kama shingo ya kuku, izungushie tepu ya stima, inakaa wima lakini bado inapinda. Na mtu aangalie mbele, mkia ukishuka mbele ya injini inainuka, feni isiguse kava ya rejeta, na mipira isivutike.

Jirani_Webuye: Nauliza swali la pembeni, wakati wa kurudisha mtu anatumia aje toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) na ekstensheni yote hiyo?

Usiku_Salgaa: Ekstensheni iliyonyooka haibadilishi kitu, set vile kitabu kinasema. Inayobadilisha ni kile kichwa cha spana cha kuchomeka kwa racheti, krofuti. Ukikiweka kikitazama mbele umeongeza urefu wa mkono, toki renchi ya sentimita 40 na krofuti ya sentimita 4 ukitaka nguvu ya kukaza ya Nm 100 unaset kama 91. Ukikigeuza digrii 90 kwa pembeni unaset 100 yako kama kawaida.

Pikapu_Njoro: Wakuu nimerudi. Nilinunua ekstensheni mbili ndefu na soketi ya kona sita, nikashusha boksi vile @Usiku_Salgaa alisema, kijana wangu akiwa na tochi pale kwa feni. Boliti ya kwanza ililia kwaaa ikafunguka, haikuchukua hata dakika tano, na mimi nimelala chini ya hiyo gari siku mbili. Ya pili sasa. Nikaingiza soketi, inazunguka bure. Nikatoa, nikaingiza tena, bure. Nikapanda na tochi nikachungulia kutoka juu, wakuu, hakuna boliti! Fundi aliyefanya klachi mara ya mwisho hakuirudisha, na lile shimo nyigu wamejengea nyumba ya udongo safi kabisa. Hiyo ndio kitu nilikuwa nachunia vidole.

MamaCanter_Kakamega: 😂😂😂 Baba, nyigu wako nyumbani?

Pikapu_Njoro: Walihama. Natafuta boliti ya kurudisha hapo, mwenye anajua urefu wake aniambie.