Spirulina badala ya dagaa kwa sato?

Habari wakuu. Nafuga sato kwenye mabwawa mawili ya udongo, Misungwi. Dagaa wa kuwalisha wamepanda bei, na gunia la mwisho lilijaa mchanga. Nilichekecha mpaka viganja vikawasha. Spirulina, ule mwani mdogo wenye protini, inaweza kuziba pengo lote?

Jibu: Lote hapana, mkuu. Ikikauka ina protini asilimia 55 hadi 70, kweli, ila inataka maji ya magadi, pH 9 hadi 11, kama ya Ziwa Natron wanakoila heroe. Kuvuna na kukausha ndiko kunakomaliza hela. Mimi nawachanganyia vifaranga tu, kidogo.

Jibu: Ndugu yangu, anza na mwani wa bwawani, unaokuzwa kwa mbolea, sato anauchuja mwenyewe. Zamisha mkono wima. Kiganja kikipotea maji yakifika kwenye kiwiko, kijani kinatosha. Kikipotea mapema zaidi, simamisha mbolea! Usiku mwani huohuo unamaliza oksijeni, na alfajiri utakuta samaki wanahema juu. Mimi nilipoteza bwawa zima hivyo, na bado inaniuma.

Muuliza swali: Nimetoka kupima. Maji yamepita kiwiko na vidole bado naviona. Kesho naweka samadi ya kuku, kidogo kidogo. Asanteni sana.