Wakuu, taa gani za LED zinafaa banda la useremala nyumbani?

seremala_wa_uani:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Niko Kibaha, nina banda nyuma ya nyumba mita 4 kwa 6, juu bati bila singibodi, kuta za tofali hazijapigwa plasta. Mchana nafanya kazi kwa mtu kwa hiyo useremala wangu naanza saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku. Sasa hivi nina balbu moja tu ya LED wati 15 katikati ya banda, holda ya pini, na kwa kweli nateseka. Juzi nimepiga vanishi kabati la mninga, usiku naliona limetoka safi kabisa, asubuhi nalitoa nje juani nakuta mikwaruzo ya msasa mlango mzima na sehemu mbili vanishi imechuruzika, ikabidi nikwangue nianze upya na mteja yuko njiani. Halafu nikisimama kwenye msumeno wa mezani kivuli changu kinalala palepale ninapopitishia mbao, mstari wa penseli siuoni mpaka niinamishe kichwa karibu na bledi, na hilo linanitisha kuliko hata kabati.

Dukani wameniambia nichukue flodi moja ya wati 100 nifunge katikati niachane na mambo mengi. Pia nina fitingi mbili za zamani za tyubu futi 4, zile zenye choki na stata, nilipewa. Zinafaa kwa LED? Na mwanga nichukue mweupe au wa manjano?

fundi_umeme_Dar:
Mkuu pole kwa kabati. Flodi usinunue kwa kazi hiyo. Flodi imetengenezwa kumulika uwanja, ukiifunga katikati ya banda unabaki na tatizo lilelile, kivuli kimoja kikali zaidi na macho yanaumia kila ukiinua kichwa. Wewe unahitaji taa nyingi za wastani zilizotawanyika, ili taa moja ikikuwekea kivuli nyingine inakifuta.

Hesabu iko hivi. Usiangalie wati, angalia lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, imeandikwa kwenye boksi, na kama haijaandikwa iache hiyo taa dukani. Kazi ya mashine za mbao inataka kama lumeni 500 kwa kila mita ya mraba. Banda lako ni mita 24 za mraba, hiyo ni lumeni 12,000. Tyubu ya LED futi 4 ya wati 18 inatoa kama 1,800, kwa hiyo ni tyubu 7, ila kwako kuta ni za kijivu na zinameza mwanga, weka 8. Kama unaweza piga chokaa nyeupe kuta zote kwanza, ni kazi ya siku moja na utaona tofauti kabla hata hujaongeza taa. Umeme usikutishe, tyubu 8 ni wati 144, masaa manne ya usiku haifiki hata yuniti moja kwenye Luku.

Zipange mistari miwili kwa urefu wa banda, na mstari mmoja upite juu ya ukingo wa mbele wa benchi, yaani kati yako na ukuta, sio mgongoni kwako. Usizibandike kwenye kenchi zikagusana na bati maana jua la mchana linapika pale juu na joto ndilo linaloua LED, ning'iniza kwa mnyororo zishuke kidogo hewa ipite. Na chukua zile zilizofungwa kabisa zenye alama ya IP65, vumbi la mbao haliingii, unafuta na kitambaa unaendelea.

dada_vanishi:
Kaka mimi niko Arusha kazi yangu ni finishing tu, na hiyo ya mikwaruzo imenipata sana. Taa za juu hata ziwe 20 hazitakuonyesha mkwaruzo wa msasa kwa sababu mwanga unashuka wima. Tafuta taa moja ndogo ya mkononi, iweke pembeni kabisa usawa wa mbao, mwanga uparaze juu ya ule ubao. Kila mkwaruzo utatupa kivuli chake, utauona kama mfereji. Mimi nikimaliza msasa wa 180 nazima taa za juu nabaki na hiyo ya pembeni, naweka alama ya penseli kila nilipoona kasoro, narudia hapo tu. Na vanishi ikiwa mbichi hivyohivyo, michuruzi inaonekana ikiwa bado unaweza kuifuta na brashi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini (K), chukua 4000K, usichukue 6500K, ile inaleta ubluu mninga unaonekana kama umekufa. Na uliza CRI, yaani namba ya jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, iwe 90 kama utapata, isiwe chini ya 80, la sivyo utachanganya steini (rangi ya kupaka mbao) usiku ije kuwa rangi nyingine asubuhi. Ya manjano weka nje mlangoni tu, haivuti wadudu kama nyeupe. Masika yakianza utanishukuru, kumbikumbi wakinasa kwenye vanishi mbichi ni mpaka kukwangua.

pwani_mbao:
Ndugu yangu salaam kutoka Mombasa. Hawajakutajia jambo moja nalo ni la vidole. LED rahisi ambazo draiva yake (kifaa cha ndani kinachoilisha umeme) ni duni hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini msumeno unaona. Mimi nilikuwa na taa kama hizo juu ya msumeno wa mezani, nikiwa na bledi ya meno 40, siku moja nikatazama nikaona meno yanatambaa polepole kurudi nyuma kana kwamba mashine inasimama, na ilikuwa kasi kamili. Niliziondoa siku ileile. Kabla hujalipa, mwambie mwenye duka aiwashe, piga video ya slo mosheni na simu, ukiona mistari myeusi inatembea au mwanga unapumua, rudisha.

Na taa zisishirikiane sakiti moja na msumeno. Mashine ikikwama ikaangusha breka, stima inapotea kote, wewe uko gizani na bledi bado inazunguka.

seremala_wa_uani:
Hiyo ya sakiti sikuwahi kuiwaza kabisa, banda zima liko kwenye breka moja. Shukrani sana wote, dada hiyo taa ya pembeni naijaribu leo leo. Na zile fitingi za zamani?

fundi_umeme_Dar:
Zinafaa kama bodi tu. Toa choki na stata, halafu fuata mchoro ulio kwenye tyubu yenyewe, maana kuna za kuingiza laivu na nyutro upande mmoja na kuna za laivu huku nyutro kule, ukikosea unapiga shoti. Zima kwenye breka sio kwenye swichi, kuna mabanda swichi imefungwa kwenye nyutro, ukizima holda bado ina moto. Dalili yake ni LED kubaki inawaka kwa mbali usiku baada ya kuzima, kama balbu yako inafanya hivyo mwite fundi arekebishe kwanza. Ukimaliza andika kwa maka pen juu ya fitingi LED TU, asije mtu akarudishia tyubu ya zamani.