Daftari langu la usiku limejaa manung'uniko. Niendelee kuandika au niache?

DadaWaDodoma aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari zenu.

Nina miaka 32, nauza kwenye duka la dawa hapa Dodoma. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa tano. Baada ya arobaini nilinunua kaunta buku la kwaya mbili nikaanza kuandika kila usiku kabla ya kulala. Nilitaka nimjue Mungu zaidi, na nijijue mwenyewe, maana ule msiba ulinionyesha nina hasira ambazo sikujua kama ninazo.

Wiki iliyopita umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu nikasoma daftari tangu mwanzo. Kurasa 140. Nimeshtuka. Karibu kila ukurasa ni dada yangu mkubwa: hakutoa hela ya msiba, alichukua vitenge vya mama bila kuuliza, hapokei simu. Kuna ukurasa mmoja nimeandika "dada hana moyo" mara tatu, na mara ya tatu kalamu imetoboa karatasi. Nilikaa kitandani nikajiuliza, hivi huku ndiko kukua kiroho?

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi amenishauri niache, nipige magoti tu, kwa sababu anasema ukiuandika uchungu unaupalilia. Sijui nimjibu nini.

Wenye uzoefu naombeni mnisaidie. Mnaandika nini hasa? Mnarudi kusoma au mkishaandika basi? Na mnaweka wapi, maana chumba nalala na mdogo wangu na yule ana macho.

MtuWaKahama alijibu:

Pole na msiba dada. Mimi nitajibu hilo la mwisho tu. Nunua sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo utembee nao. Usiandike kwenye simu. Yangu iliharibika kioo, nikampelekea fundi, na ili aijaribu ikabidi nimpe namba za kufungulia. Siku mbili ilikuwa kwake. Sikulala usingizi, na mpaka leo sijui kama alisoma au hakusoma. Karatasi inachomeka ukitaka ichomeke.

MwalimuWaMlimani alijibu:

Marahaba mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, upande wa Marangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na hiyo kalamu iliyotoboa karatasi imenigusa, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Mwaka 1989 mwalimu mkuu alinikabidhi kipimamvua cha shule. Ni mkebe wa shaba uliozamishwa ardhini nyuma ya darasa la tano, mdomo wake umesimama kama sentimita 30 juu ya nyasi, ndani yake kuna chupa. Kila siku saa 3 asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, unaitoa chupa, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unainama mpaka jicho liwe sawasawa na maji, ndipo unaandika. Mwisho wa mwezi fomu inatumwa kwa watu wa hali ya hewa. Nakala nilibaki nayo mwenyewe kwenye daftari, na pembeni ya tarakimu kulikuwa na safu ya Maelezo, ya kuandika kama kulikuwa na mvua ya mawe, radi au ukungu. Humo ndimo nilimoanza kuandika mambo yangu. Mstari mmoja kwa siku, mara chache miwili, kwa sababu nafasi yenyewe ni kama upana wa vidole vinne.

Fomu ile haina mahali pa kuandika "mvua kubwa". Inataka milimita. Mtu aliyelowa njiani akitoka sokoni atakuambia leo imenyesha ya ajabu, ukipima unakuta 6.4. Nyingine imenyesha usiku kucha taratibu, hakuna aliyeamka, asubuhi unakuta 50 na zaidi. Muulize mtu yeyote wa rika langu hapa kwetu habari za Elinino ya 1997 na 1998, atakuambia ilinyesha bila kukoma. Daftari langu lina 0.0 nyingi katikati ya miezi hiyo. Siwaiti watu waongo. Njia zilikatika, watu waliogopa, na hofu ile ikazifunika siku za jua zote.

Sasa nije kwa dada yako, ila nitapitia kwa kaka yangu.

Kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, hupandwa masale, mimea ya majani marefu. Mwaka 1996 kaka yangu aliyasogeza hatua mbili kuja upande wangu, au mimi niliamini hivyo. Tukaacha kusalimiana. Aprili 1998 binti yangu alilazwa siku 11 kwa homa ya matumbo, akapona, Mungu ni mwema. Lakini tangu hapo nikawa na maneno yangu ambayo niliyasema kwa kila mtu, hata kwenye sala: mtoto wangu alikuwa anakufa na kaka yangu hakukanyaga. Niliyarudia mpaka nikawa nayatamka kama mtu anayesoma mahali palipoandikwa.

Mwaka 2011 nilistaafu. Ilinibidi nimkabidhi mwenzangu madaftari, nikabaki ofisini jioni nayapitia moja moja. Nikafika mahali hapa, nanakili kama palivyo:

"J'pili 12/4/98. 38.2. Pasaka. Mtoto bado hospitali. Usiku kaka kaleta maziwa kwenye kibuyu, kasimama mlango wa jikoni. Sikumjibu."

Mwandiko ni wangu. Nilijaribu kuukumbuka usiku ule, sikupata kitu. Sikukiona kibuyu, sikumwona yeye pale mlangoni. Nilikuwa nimefuta kabisa. Miaka 13 nilimwomba Mungu amsamehe kaka yangu kosa ambalo hakulitenda, na kosa lililotendeka lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu kwa neno moja: Sikumjibu.

Nilifunga ofisi giza limeshaingia. Asubuhi yake nilikata jani la sale, nikalifunga fundo kama wazee walivyotufundisha, nikaenda nalo kwake. Kwetu ukiletewa sale humfukuzi aliyelileta.

Kwa hiyo mwanangu, mimi nasema usiache, ila badilisha namna ya kuandika. "Dada hana moyo" ni sawa na kuandika "mvua kubwa". Andika alipiga simu lini, alisema maneno gani, vitenge vilikuwa vingapi, nani mwingine alikuwepo. Halafu andika wewe ulijibu nini. Hapo usiparuke hata kama ulichojibu ni neno moja, au hukujibu kabisa. Kama mimi ningeandika "kaka ni mtu mbaya" usiku ule, ningekufa na uongo wangu. Kilichoniokoa ni kwamba nafasi ilikuwa ndogo na mkono ulishazoea kuandika kilichotokea.

Mwisho wa mstari huwa naweka neno kwa Mungu. Halina mapambo. Mara nyingi ni "Bwana, hili silielewi." Siku ambayo haikuwa na kitu, andika haikuwa na kitu. Kwenye mvua sifuri nayo ni kipimo, na utashangaa ukija kuzihesabu ni siku ngapi dada yako hakukukosea lolote.

Kuhusu kurudia kusoma, mimi nasoma mara mbili kwa mwaka, masika ikiisha na vuli ikiisha. Kila wiki ni mapema mno, kidonda unakibandua gamba. Na huyo mama wa maombi usibishane naye. Uchungu kweli hupaliliwa. Piga magoti kama alivyosema, daftari liwe wazi hapo mbele yako.

BintiWaTanga alijibu:

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu habari za leo. Mwalimu umeniliza, Mungu akulipe.

Sisi jambo hili tunaliita muhasaba, kuihesabu nafsi. Sayyidna Umar anapokewa akisema jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Kuna mwanachuoni wa zamani, Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857. Hilo jina la al-Muhasibi alipewa kwa vile alivyokuwa akiihesabu nafsi yake mno. Mimi naandika baada ya Isha, nikiwa bado juu ya mswala: sala zipi nimeziswali kwa wakati, nani nimemuudhi, nani nimemsengenya.

Ila hapo kwa Mwalimu nina neno, kwa heshima zote. Si kila kosa ni la kuandikwa wazi. Mwenyezi Mungu akikusitiri usiku, usije ukajifunua mwenyewe asubuhi kwa kalamu yako. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) juu ya wanaodhihirisha makosa yao inatisha. Kosa langu likiwa la siri baina yangu na Mola wangu naweka nukta nyekundu tu, na idadi ya istighfari, yaani mara nilizoomba msamaha kwa Mungu, pembeni. Nikiliona miezi sita baadaye mimi najua ni nini, mwingine haoni chochote. Na kosa la mwenzangu ndiyo kabisa silitaji kwa jina. Dada, ukifa leo, daftari lile atalirithi nani? Pengine dada yako huyohuyo.

MwalimuWaMlimani alijibu:

Binti yangu, hilo la kurithi sikuwahi kulifikiria, na ni kweli. Kwa siri kama hizo nakubaliana nawe, weka nukta. Ila maneno niliyomwambia mtu mbele ya watu nitaendelea kuyaandika yote, maana hayo ndiyo moyo wangu hukimbilia kuyafuta.

KijanaWaLubumbashi alijibu:

Jambo kwenu wote. Mimi ni mfundishaji huku Lubumbashi, Katanga. Neno la nani atarithi limenikumbusha Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Huku kwetu wazee wanamkumbuka kwa sababu ya vita vya Katanga. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 alikuwa anasafiri kuonana na Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo, wazungumze kusimamisha vita, ndege ikaanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Baada ya kifo chake, nyumbani kwake New York zilikutwa karatasi alizokuwa akiandika tangu ujana, pamoja na barua kwa rafiki yake Msweden ikimwachia yeye aamue kama zitachapwa. Katika barua hiyo alizieleza kama kumbukumbu za majadiliano yake na nafsi yake na Mungu. Zilichapwa mwaka 1963.

Kinachonishangaza mimi ni kitu kimoja. Mtu huyu alikaa meza moja na wakubwa wote wa dunia, lakini humo ndani hawataji, wala kazi yake haitaji waziwazi. Watu waliokuwa wakigombana naye kila siku kwenye magazeti hawamo. Dada wa Dodoma, mimi sisemi umwondoe dada yako kwenye daftari, Mwalimu amekueleza vizuri zaidi. Ila jaribu mwezi mmoja ujiandike wewe tu, yeye asionekane. Mimi nilijaribu hivyo juu ya mkubwa wangu wa kazi. Siku tatu za kwanza sikuwa na la kuandika hata kidogo, na hilo peke yake lilinifundisha.

DadaWaDodoma alijibu:

Nawashukuru wote, nimesoma kila neno. Dada wa Tanga, hiyo ya kurithi imenikosesha usingizi. Leo mchana nimenunua sanduku la bati, shilingi 18,000, nimeliweka chini ya kitanda upande wangu.

Mwalimu, jana usiku nimefanya ulivyosema. Nimeandika: "Vitenge vilikuwa vinane. Aliniuliza kama nataka kimoja. Nikamwambia chukua vyote si ndiyo ulichokuja kufanya." Sikuwa nimeandika hayo popote kwenye zile kurasa 140. Nilipomaliza nimelia, nimeomba, nimelala. Simu sijapiga bado. Niombeeni.

Naomba nikuulize kitu kimoja Mwalimu, kama si siri. Ulipompelekea kaka yako lile jani, alisema nini?

MwalimuWaMlimani alijibu:

Si siri, mwanangu. Alilipokea, akakaa nalo kitambo bila kusema. Halafu akaniuliza kama kile kibuyu bado kipo, kwa sababu kilikuwa cha mama yetu.

Kilikuwepo, juu ya dari la jikoni, mdomo umepasuka kidogo. Nilirudi kukichukua, tukakaa nacho pale kwake mpaka jioni.