Tupeane uzoefu: Malcolm X alikufikieni vipi?

Asalam aleikum jamaa. Nimelianzisha hili kwa ajili ya marehemu babu yangu. Akikaa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, na kikombe chake, kila likitajwa jina la Malcolm X, yule Mmarekani mweusi aliyepigania haki za weusi wenzake, husema, "Yule alikuwa rafiki wa Babu." Mimi mtoto nikajua ni babu huyu niliyemshika mkono. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikafahamu ni Abdulrahman Babu, mwana wa hapa hapa Unguja, wakati huo waziri katika Serikali ya Muungano. Disemba 13, 1964 Malcolm alimkaribisha jukwaani katika ukumbi wa Audubon, New York. Wiki kumi baadaye, Februari 21, 1965, Malcolm akapigwa risasi ukumbini mle mle, mkewe na watoto wakiwemo. Alikuwa na miaka 39. Tangu hapo simhesabu mgeni. Nyinyi je?

Mchambua Karafuu, Wete
Mimi alinifikia kwa kamusi. Nilifeli kidato cha pili, Kiingereza ndicho kilichoniangusha. Shangazi akanihadithia kuwa Malcolm alipokuwa jela aliona hawezi kuandika barua akaridhika nayo, akaomba kamusi na madaftari, akanakili ukurasa wa kwanza wote, hata vituo. Ulikuwa msimu. Usiku tunachambua karafuu kwenye jamvi, nikimaliza pishi zangu nasogea kwenye taa na daftari. Nilifika herufi D. Ninalo hadi leo, kurasa zina alama za vidole vyangu, rangi ya makonyo, na ukilifungua bado linanukia. Nilirudia, nikapita. Sasa nasomesha Kiingereza.

Mwana wa Chake
Mashaallah dada.
Mimi nataka niseme la Hijja. Alikwenda Makka Aprili 1964, mwezi mmoja tu baada ya kutoka Nation of Islam, jumuiya ya Wamarekani weusi, walikomfundisha kuwa mzungu ni shetani. Kule akaandika barua kwamba amekula sahani moja na Waislamu wenye macho ya buluu. Kubadilika wengi hubadilika kimya kimya. Yeye aliwaambia watu waliompenda kwa maneno yake ya mwanzo, na hilo ndilo zito. Mimi na jirani yangu tulikuwa hatusemezani miaka sita kwa sababu ya vyama. Harusi hatualikani, maziko hatuzikani, wazee wa Pemba mnaijua hali hiyo. Idi iliyofuata baada ya kuisoma barua ile nilimpigia hodi. Akaitika "karibu" kabla hajajua ni nani. Aliponiona alinyamaza, kisha akanivutia kigoda.

Mkaazi wa Mkunazini
Langu lina uchungu, mtaniwia radhi. Waliofungwa kwa kuuawa kwake walikuwa watatu. Wawili kati yao, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikaa jela miaka 20 na zaidi kwa jambo wasilolitenda. Mahakama ya New York iliwafutia hatia Novemba 2021. Khalil alikwishafariki tangu 2009, hakulisikia neno hilo. Habari ile niliisoma mara mbili, maana kaka yangu aliwahi kuwekwa ndani miezi minane kwa wizi asioujua, na alipoachiwa hakuna aliyemwambia "tumekukosea." Mama kila magharibi alimwekea sahani yake, akaifunika kawa, asubuhi anaitoa. Jioni aliyotoka hakuna aliyekuwa na habari. Alipoingia ndani, sahani aliikuta ipo, imefunikwa.