Jambiani: Njia ya pwani imezibwa kwa ukuta, na mama zetu wanazungushwa kama wezi

Ndugu wanajukwaa, Assalamu alaykum.

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu, lakini la mwezi huu limenishinda kunyamazia. Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mama yangu analima mwani tangu zao hili lilipoingia katika vijiji vyetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Asubuhi ya bamvua, yaani siku za maji makubwa ambapo bahari hukupwa mbali, maji yakianza kukupwa, alitoka nyumbani na gunia, kamba na fungu la vigingi, akafuata uchochoro uleule alioupita kwa zaidi ya miaka 30, akakuta umezibwa kwa ukuta na lango la chuma la hoteli. Mlinzi wa langoni ni kijana wa hapa hapa, aliyesoma chuoni pamoja na mdogo wangu. Akamwambia, macho yakiwa chini: "Shikamoo, mama. Niwie radhi, nimeagizwa nisimpitishe mtu."

Mama hakugombana naye, alizunguka. Njia ya zamani ilikuwa mwendo wa dakika nne. Kuuzunguka ukuta wa hoteli hiyo na wa jirani yake, ambazo zimeshikana bila hata mwanya wa kupita mbuzi, ni karibu nusu saa, na wakati wa kurudi gunia la mwani mbichi linamchuruzikia maji ya chumvi hadi miguuni. Wasioijua kazi hii waelewe kwamba mkulima wa mwani hajipangii saa, anapangiwa na bahari. Ana siku chache za bamvua, na katika kila siku saa chache tu ambazo shamba liko wazi. Akipoteza saa nzima kwa kuzunguka kuta, kwenda na kurudi, ipo mistari ya kamba za mwani ambayo hataifunga, na maji yakirudi hayamngoji mtu.

Nikaenda mwenyewe kuonana na uongozi. Nilipokewa kwa adabu, nikapewa juisi ya ukwaju, nikaambiwa ningoje ukumbini. Katika ukuta wa ukumbi huo imetundikwa picha kubwa, pengine mita mbili kwa upana, ya mwanamke aliyeinama shambani akifunga mwani, kanga imemtota hadi kiunoni, uso hauonekani. Chini yake pana meza ya sabuni za mwani zenye bei ya dola. Nilikaa mbele ya picha ile kwa dakika 20 nikiitafuta alama yoyote ya kumtambua aliyepigwa, maana huenda ni shangazi yangu, na sidhani kama aliombwa ruhusa. Hatimaye meneja alikuja akanieleza kwamba wageni wanalalamikia harufu ya mwani unaoanikwa na ya makumbi ya nazi yanayofukuliwa mchangani, na kwamba njia ile "inaharibu faragha". Yaani mwanamke wa mwani anafaa ukutani, ila akipita kwa miguu yake anaharibu faragha.

Sasa tuzungumze haki. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwekezaji wa kigeni hukodishwa tu. Ufukwe wenyewe haujawahi kuwa wa hoteli yoyote, na kanuni za ujenzi zinataka jengo likae umbali wa mita 30 kutoka maji yanapofika yakijaa. Lakini ufukwe wa umma usio na njia ya kuufikia ni wa umma wa namna gani? Tulipokwenda kulalamika kwa wahusika, tulijibiwa kwamba mwekezaji ana hati zake zote. Sikuuliza kuhusu hati. Niliuliza kuhusu njia.

Najua mtakaosema kwamba utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar na kwamba vijana wetu wameajiriwa. Ni kweli, na mdogo wangu mwenyewe anamwagilia bustani katika hoteli nyingine. Wala sitasema kwamba kila tatizo la mwani limeletwa na mahoteli: kotonii, aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri, imekuwa ikifa kwa sababu maji yamepata joto, na wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Hapo hapo, jirani zetu wa Paje wanagawana maji yale yale ya kina kifupi na watu wanaoburutwa na vishada juu ya mbao kila upepo wa kusi na kaskazi unapovuma, na kamba zinazokatika huwa ni za nani kama si za wakulima? Visima vya kijiji navyo vinazidi kuwa na chumvi. Hayo yana uzi wake.

Linaloniudhi zaidi ni kuambiwa kwamba hoteli "inaenzi utamaduni wetu", kwa sababu kila Ijumaa usiku huleta ngoma na vijana wa Kimasai wanaoruka mbele ya wageni. Sina ugomvi na Wamasai. Wako mbali na kwao wakitafuta riziki kama sisi. Lakini mgeni anaondoka akidhani hiyo ndiyo Unguja, ilhali Makunduchi, kusini kidogo tu ya hapa, wenyewe wanakoga mwaka, sherehe yao ya mwaka mpya, kila Julai. Na utamaduni wa Jambiani, ukitaka kuuona, uko katika kujua leo ni bamvua au maji mafu, yaani maji madogo, katika makumbi yanayofukiwa kwa miezi na kusokotwa kamba barazani, katika kina mama wanaopita alfajiri wakiitana majina mlango kwa mlango. Kuitana huko kumekwisha upande wetu, kwa sababu kila mmoja sasa anatokea njia yake ya kuzunguka.

Hatujadai hoteli ivunjwe. Tunadai mlango mmoja, upana wa mkokoteni, ufunguliwe siku za bamvua kuanzia alfajiri. Kama yupo humu mtu wa Nungwi, Kiwengwa au Matemwe ambaye kijiji chake kiliwahi kuirudisha njia iliyozibwa, aandike hapa walipitia ofisi gani na walipeleka karatasi gani. Bamvua lijalo linaanza baada ya siku tisa.